Mchanga Unaohama: tuta lenyewe nyota tano, kampuni iliyotupeleka sijui niipe nini

Walimu wenzangu na wazazi, kama shule yenu inapanga kupeleka watoto Ngorongoro kuona ule Mchanga Unaohama, lile tuta la majivu ya volkano linalosogezwa na upepo, nendeni, narudia nendeni, ila kampuni mnayoikodi muichunguze kwanza. Sisi tulichukua moja ya Arusha, jina sitaji sitaki kesi, tulienda mwaka jana kile kipindi cha baridi. Nilisema nikipoa ndo nitaandika. Sijapoa.

Habari za bei na chakula naziruka, chakula kilikuwa chakula tu. Mimi shida yangu ni honi.

Iko hivi. Darasa la sita walijiandaa kwa safari ile kuliko hata mtihani. Kamba ya manila tukaifunga fundo kila mita moja, sumaku tukaitoa kwenye spika mbovu ya ofisini, kila kikundi kikapewa kazi yake. Maana pale kuna alama zimesimikwa zina mwaka, zinaonyesha tuta lilikuwa wapi mwaka gani, na tulisoma kwamba linasogea mpaka mita 17 hivi kwa mwaka, sasa watoto wakataka wapime wenyewe alama hadi alama waone ni kweli au stori, na mwaka gani lilikimbia na mwaka gani lilizubaa. Hiyo ndo ilikuwa safari yenyewe. Simba wanamuona kwenye tivii.

Asubuhi geti la Lodoare tukakaa weee, kumbe kampuni haijalipia idadi kamili ya watoto, mwongozaji anapiga ofisini watume kontroo namba nyingine ya kulipia na ofisini hawapokei simu, watoto wanatetemeka na ule ukungu wa kule juu. Sawa, yanatokea. Makumbusho ya Olduvai tukapita haraka haraka, ingawa kaka aliyetueleza habari za lile fuvu la zamadamu aliloligundua Mary Leakey 1959 alikuwa moto kweli, watoto hawakutaka kuondoka. Halafu vumbi, barabara ya rasta inatutikisa, vumbi tena.

Tukafika. Kwa ambaye hajawahi, ni uwanda mkavu mtupu, halafu katikati limekaa tuta jeusi tii lenye umbo la mwezi mwandamo, kimo kama mita tisa, na jirani yake hakuna tuta lingine. Ni majivu ya Ol Doinyo Lengai, huo mlima ambao bado uko hai, 2007 ulilipuka tena. Upepo wa mashariki unapandisha chembe polepole kwenye mgongo wa tuta, zikifika juu zinaporomoka upande wa pili, basi siku hadi siku tuta zima linahamia magharibi. Nimefundisha haya mambo ya upepo na mchanga miaka mingi ubaoni kwa chaki, kuyaona yanatendeka pale mbele yangu, mstari mwembamba wa mchanga unafuka kule kileleni, nilisahau mpaka hasira za getini.

Binti mmoja, ambaye darasani humsikii hata akiitwa jina, akachutama akashusha sumaku chini. Chembe zikaruka zikaganda, zikasimama wima kama manyoya ya paka aliyeshtuka. Akapiga kelele, "Madam, mchanga una chuma! Labda ndo maana hautawanyiki!" Sijamfundisha hilo mimi. Kalifikia mwenyewe, pale pale, na wenzake wakamvamia kila mtu anataka kushika.

PIIIIIP.

Mwongozaji huyo, hakushuka hata kwenye gari, kaegemea usukani wa watu anabonyeza honi. Nikamfuata nikamwambia kaka yangu ndo kwanza tumeanza, akanijibu bila kuvua miwani, "Madam, hapa ni picha na kuondoka, hatujaja maabara. Hizo sumaku rudisheni kwenye mabegi." Mbele ya watoto! Nikamwambia hawa ndo wateja wako. Akasema wateja wake ni waliolipa. Michango ya wazazi wale, wengine wamelipa kwa awamu tatu, ndo anasema hivyo.

Niwe mkweli, geti linafungwa saa kumi na mbili na kurudi ni mbali, kwa hiyo la muda alikuwa na hoja. Labda na yeye ofisi yake ilikuwa inamsumbua, nani ajuaye. Ila muda uliliwa na nani asubuhi?

Dereva sasa. Yule mzee Mungu ampe maisha marefu. Wakati huyu anapiga honi yeye alikuwa ameshashuka zamani, kashika ncha ya kamba, anahesabu fundo na watoto kwa sauti, "Shikilieni vizuri wajukuu zangu, isilegee, mkilegeza mtapata mita za uongo." Walipata alama mbili za kwanza tu. Ya tatu walikuwa wanaikimbilia honi ikalia tena, ndefu hiyo, haikatiki, mpaka tukapanda.

Nilishaamua kumsamehe njiani jamani, kweli nilishaamua, watoto wamelala, getini tumetoka salama na muda ulikuwa umebaki tele tu. Halafu tunafika Mto wa Mbu gari linakata kona linasimama duka la vinyago. "Mapumziko kidogo." Watoto wa darasa la sita, mfukoni hamna hata mia, wanazungushwa kwenye vinyago vya mpingo, mwenye duka kaona hawanunui anawaambia msishike shike. Yeye mwongozaji kakaa kwa nyuma huko anakunywa soda anacheka na wenye duka. Tulikaa pale kuliko tulivyokaa kwenye tuta. Kwenye kamisheni haraka haikuwepo.

Nilipolalamika ofisini kwao wakanijibu asante kwa maoni madam, karibuni tena kuna punguzo msimu wa mvua.

Kwa hiyo ukienda, kwenye mkataba andika masaa mangapi mnakaa kwenye tuta na kwamba hakuna kusimama dukani, wasaini. Nilitaka kuwapa nyota mbili, zote za dereva. Ila nyota za dereva nikiziweka hapa zinaenda kwa kampuni, si kwake. Moja. Na hiyo moja ni kwa sababu sifuri hairuhusiwi.