Nyota nne kwa skuli ya masista, ya tano nimeizuia kwa ajili ya vyoo

Wazazi wa Mombasa salama? Kila mwisho wa mwaka naona watu wauliza skuli gani nzuri ya msingi na majibu ni yale yale, ile iko juu, ile watoto wapasi, hakuna anaesema mtoto akiingia pale akaa vipi siku nzima. Basi mimi ntasema ya kwetu. Jina silitaji maana nasema na mabaya yake na sitaki kesho binti yangu aitwe ofisini, ila ni skuli ya Kikatoliki, ya masista, upande wa bara ukishavuka Makupa. Alianzia Gredi 2 na saa hii yuko Gredi 4, kwa hivo sio maneno ya kusikia.

Na niseme mapema, sisi ni Waislamu. Mamangu aliposikia aliuliza mara moja tu, "Kwa hivo ndo atafunzwa msalaba?" kisha akanyamaza siku mbili, na mamangu akinyamaza heri agombe. Nikamwambia mama, hapa mtaani nusu ya watu wazima walisomeshwa na masista na mapadri na wanaswali swala tano mpaka leo, wewe mwenyewe daktari wako ni mmoja wao. Hakujibu. Lakini siku ya kwanza ndo yeye alieamka kumpigia pasi yunifomu.

Tulikotoka ilikuwa akademi moja hivi, nyumba ya ghorofa imegeuzwa skuli, watoto wacheza kwenye kipande cha simiti mfano wa sebule. Kila mwisho wa muhula wabandika majina getini na namba ya kila mtoto. Wangu alikuwa wa 31 kati ya 34, Gredi 1 jamani, mtoto wa miaka sita, na kila mpitaji anasoma, mpaka muuza mabuyu alikuwa ajua. Kiboko nacho kilikuwa kinatembea, eti kamwiko kadogo tu, na hapa Kenya kiboko skuli kimepigwa marufuku tangu 2001, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 kifungu cha 36 imekataza kumpiga mtoto na pia kumnyanyasa kimawazo. Mimi sikuijua hiyo sheria wakati ule, nilichojua ni kwamba kila Jumapili ikifika magharibi mtoto tumbo lamuuma na Ijumaa jioni lapona lenyewe. Tumbo gani hilo lina ratiba.

Sasa kabla hamjakimbia kwa masista, kuna kitu watu wengi wachanganya. Skuli ikiwa na jina la mtakatifu si lazima iwe ya kulipia. Ziko za serikali ambazo kanisa ni mdhamini tu, hizo walimu ni wa TSC, tume ya serikali ya kuajiri walimu, na karo ya masomo hakuna tangu elimu ya msingi ilipofanywa bure 2003, utatozwa labda chakula. Na ziko za binafsi za parokia au za shirika la masista, hizo walipa. Yetu ni ya kulipa, kama elfu 15 kwa muhula ukiweka na chakula, karo yapelekwa benki au kwa M-Pesa na ukichelewa waongea na wewe, hawamtoi mtoto kwenye laini asubuhi mbele ya wenzake. Nasema hivo kwa sababu mimi nimechelewa, muhula mbili, biashara ya vitambaa ilikuwa imelala kabisa pale Kongowea. Sista aliniita, akanipa kiti, akanitolea karatasi nikaandika nitalipa vipi kwa wiki, bas. Mtoto mpaka leo hajui.

Kuhusu dini nimeulizwa sana kwa hivo ntaeleza kidogo. Alhamisi kuna misa ya wanafunzi, wetu Waislamu wako maktaba na ustadhi wa IRE, yaani somo la dini ya Kiislamu, huwa aja mara mbili kwa wiki, na wale Wakatoliki wana kipindi chao cha dini kiitwacho PPI. Ijumaa watoto wa kiume wakubwa waruhusiwa kwenda msikitini na mwalimu anawasindikiza kuvuka barabara, na ile barabara muijuavyo, matrela ya bandarini hayana huruma na mtu. Nyama ni ya bucha ya halali, niliuliza siku ya intavyuu mbele ya watu bila aibu, mama mpishi akanijibu, "Mwanangu, Mombasa hii nyama isiyo halali nikaitafute wapi?"

Mwaka jana 2025 Ramadhani na Kwaresima ziliangukiana. Ramadhani ilianza mwanzo wa Machi na Jumatano ya Majivu ikawa tarehe 5. Mtoto akarudi nyumbani akasema darasani leo kuna wenye majivu usoni na kuna wenye midomo mikavu, ticha kasema wote mwaombea kitu kimoja msipigiane kelele. Alikuwa afunga nusu siku, kufunga kwa kitoto, sasa saa ya chakula wale waliofunga walikuwa wakaa chumba cha chini karibu na konventi, nyumba ya masista, maana ndo kuna baridi, wachora, walala, hakuna anaekula wali mbele yao. Idd ilipofika wenzake wanne wakaja kwangu kula pilau, wawili Wakatoliki, mmoja wa kanisa la PEFA, mmoja Muislamu, na mamangu yule alienyamaza siku mbili ndo alikuwa awaongezea nyama.

Tatizo dogo tu lilikuwa PMC. Hicho ni chama cha watoto Wakatoliki, Jumamosi wacheza nyimbo za kanisani na hatua zao zile na vitambaa, na binti yangu apenda kucheza kuliko kula. Akaenda kujiandikisha! Sista akamrudisha nyumbani na kikaratasi, "Muulize mama kwanza." Nikasema hapana, alilia, tukamweka klabu ya sungura. Msiicheke hiyo klabu ya sungura, ndo yaja kwenye habari yangu.

Muhula wa kwanza mwaka huu, Januari kuingia Februari, kabla ya Ramadhani, lile joto la kaskazi ambalo hata feni lapuliza moto, mtoto akaanza homa. Tumbo la chini lauma, akienda haja ndogo analia. Zahanati wakasema ni UTI, maambukizi ya njia ya mkojo, dawa, akapoa. Wiki tatu, tena. Daktari akaniuliza kwani huyu mtoto anywa maji? Mimi nikajibu ndio kwa ujasiri wote, namfungia chupa ya lita kila asubuhi. Sikuwahi kuiangalia ikirudi, niseme ukweli, jioni narudi nimechoka, chupa yaenda moja kwa moja kwenye sinki.

Alieiangalia ni mama mpishi. Watoto wamwita Nyanya, mama wa Kitaita mtu mzima, kazi yake ni kugawa chakula na kusimama kwenye lile pipa kubwa la maji lenye bomba saa ya mapumziko, wanaokuja kujaza chupa. Akaona huyu mmoja haji. Hata siku moja. Akila, ala wali mkavu, supu ya maharagwe aiwacha. Hakumuuliza mtoto, alienda kwa klasi ticha akamwambia mtoto wako flani hanywi kitu humu ndani, mtazame.

Na ticha nae hakumsimamisha darasani kumuuliza kwa nini hunywi maji, kama vile tungefanya wengi wetu. Akangoja siku ya sungura. Kuna vibanda vya sungura nyuma ya konventi, watoto wapeleka maganda na majani, akajifanya nae ana majani yake, wakakaa pale wawili. Kwa sungura mtoto akayatoa yote. Milango ya vyoo vya wasichana haina makomeo, imebaki matundu ya misumari, na kuna wakubwa wa Gredi 6 walikuwa wamefanya mchezo, mdogo akiingia wasukuma mlango wakicheka. Walimfanyia mara mbili. Basi akafanya hesabu yake mwenyewe, nisiponywa sitaenda, na alikuwa avumilia kutoka saa kumi na mbili na nusu asubuhi mpaka saa kumi jioni afike nyumbani. Na mimi mamake nilikuwa naona akifika akimbilia choo kabla hata ya kuvua viatu, nikidhani ni mapepe ya watoto.

Niliitwa siku ile ile. Wapo pale klasi ticha, Sista hedimistresi, na ticha mwengine ambae ndo wa ushauri, kazi yake ni hiyo ya kukaa na watoto wenye mambo, ana kachumba kadogo kana mkeka na mipira. Hawakuniambia eti mtoto wako ni mwoga. Sista alianza kwa kusema, "Hili ni kosa letu." Mimi nilikuwa nimejipanga kuja kupiga kelele, hata sauti nilikuwa nimeianza ndani ya tuktuk, ikabidi niimeze. Nikataka basi wale wasichana wachapwe, naandika hapa bila kujitetea, nilitaka. Akakataa. Akawaita wazazi wao, wakakalishwa mmoja mmoja, wakakosa mapumziko wiki mbili wakiwa na yule ticha wa ushauri, sijui waliongea nini. Mmoja wao mpaka leo akiniona getini anainama kujifanya anafunga kiatu.

Sasa hapo ningewapa nyota tano na sita. Lakini makomeo yale, wallahi, yalichukua wiki saba! Komeo la shilingi mia na hamsini. Kila nikiuliza naambiwa iko kwenye bajeti, kamati haijakaa, muhula ujao. Na katikati ya wiki hizo saba kwenye grupu ya WhatsApp ya wazazi tukaombwa mia tano mia tano ya sherehe ya somo wa skuli, yule mtakatifu wao, keki na hema na spika, kisha mia mbili za zawadi, kisha mia za maua. Mimi si mchoyo na sherehe za watu naziheshimu, nilitoa, ila niliandika pale pale kwenye grupu kwamba hema moja ni makomeo mangapi. Kimya. Alama mbili za buluu zote, hakuna anaejibu, isipokuwa baba mmoja fundi welda aliniandikia pembeni, "Mama flani, nipe saizi." Jumamosi akaja na mashine yake, akamaliza milango yote kabla ya adhuhuri na hakutaka hata soda. Kumbe na yeye ana binti Gredi 3.

Na vyoo vyenyewe ni vichache. Viko vinane vya wasichana na wasichana wapita mia tatu, na kipimo cha serikali ni choo 1 kwa wasichana 25, fanyeni hiyo hesabu, ni ya Gredi 4. Maji ya bomba yakikatika, na Mombasa yakatika sana si siri, watumia ya kisima ya chumvi kumwagia, sawa, lakini ya kunawa mikono yaletwa na mkokoteni kwa mitungi na saa sita huwa yameisha. Hapo wanipoteza. Skuli iliyo na watu wa kumuona mtoto hanywi maji yafaa iwe na mahali pa kuyapeleka hayo maji akishayanywa.

Mengine haraka haraka. Madarasa ya ghorofa ya juu ni mabati, Machi ni oveni. Chakula ni pure, mahindi na maharagwe, Jumatatu na Jumatano, wa kwangu haipendi lakini aila. Gari la skuli lajaa, sisi twatumia tuktuk. Homuwaki ni za kadiri, zile projekti za mtaala wa CBC za kutafuta maboksi na gundi saa tatu usiku zipo kama kwengine, hamtaziepuka. Matokeo wanampa mzazi mkononi, hakuna kubandika getini. Kuna Gredi 7 mpaka 9 hapo hapo kwa hivo ukimwingiza mdogo hutahangaika akimaliza Gredi 6. Na ukutani karibu na ofisi wameandika 116 kwa rangi nyekundu, ile namba ya bure ya kusaidia watoto, iko usawa wa macho ya mtoto, si juu kwa mapambo, kitu kidogo lakini mimi nilikiona.

Tumbo la Jumapili liliisha muhula wa kwanza tu na halijarudi, hata kwenye zile wiki za vyoo halikurudi, alikuwa ataka kwenda skuli hivo hivo na kiu yake.

Intavyuu huanza kama Oktoba, beba cheti cha kuzaliwa na ripoti ya alikotoka. Na ukienda kuitazama, hii au nyengine yoyote, usiende saa mbili asubuhi kumesafishwa kumenukia dawa. Nenda saa nne na nusu watoto wakitoka mapumziko, na useme wataka kwenda choo cha wasichana. Ukiambiwa kuna cha wageni, sema cha wasichana.