TAHADHARI: Fundi huyu alinitengenezea moshi wa uongo, akang'oa masega ya pikapu yangu

Jamani, naandika mikono ikitetemeka kwa hasira. Mnaonifahamu mnajua ile pikapu inabeba nini katika maisha yangu, na mnajua kwa nini siwezi kukaa bila gari wakati huu. Hayo siyarudii. Nataka mjue nilichofanyiwa.

Gari lilikuwa na mambo mawili tu. Likiwashwa asubuhi linatoa sauti ya tik tik tik upande mmoja wa injini, likishapata moto sauti inafifia. Na taa ya cheki injini imewaka, haizimiki. Limeshapita kilomita 300,000, kwa hiyo nilijua lazima nitaambiwa kuna kitu kimechoka.

Fundi alinipokea kwa heshima. Hakutaja hela. Alichomeka mashine ya kusoma kodi (namba ya hitilafu ya injini) mbele yangu, akanigeuzia kioo nisome mwenyewe: P0420. Akanieleza kwamba kodi hiyo inahusu masega, kile kichujio kilicho kwenye ekzosi, kuwa hakisafishi moshi inavyotakiwa. Na maana ya kodi hiyo ndiyo hiyo, nimekuja kuhakikisha. Ndiyo maana nilimwamini! Mtu anakuanzia na ukweli, tena anakuonyesha kwenye kioo, utamshuku vipi? Isitoshe aliyenipeleka kwake ni mtu wa nyumbani kabisa, naye anajijua, sina ugomvi naye.

Basi akaniambia, "Bosi, hebu nisomee namba ya chesisi kwenye kadi ya gari, niagize spea sahihi." Kadi naiweka mbele, kwenye kabati la dashibodi. Nikaingia ndani. Boneti limeinuliwa, limenikinga, simwoni yeye wala kijana wake. Nikasoma namba kwa sauti, akairudia kwa sauti, kila kitu sawasawa. Kisha akasema, "Haya, washa. Piga resi." Nikakanyaga mafuta. Kutazama kioo cha pembeni, naona moshi wa bluu, mzito, umefunika uwanja wote. Kijana anakohoa, anapunga mkono usoni. Watu wa jirani wakasimama kutazama. Niliona aibu nikashindwa hata kushuka. Fundi akaja dirishani taratibu, kwa sauti ya mtu anayetoa pole: "Mkuu, injini inakula oili. Ringi za pistoni zimekwisha."

Akafungua kifuniko cha oili injini ikiwa inaunguruma, akakigeuza na kukiweka juu ya tundu, kikawa kinarukaruka. "Unaona upepo huo? Unatoka chini ya pistoni." Akatoa plagi moja, akafunga geji ya kupima mgandamizo wa silinda, akaniambia nipige stata. "Hapo hapo, achia!" Sindano ikasimama kwenye PSI 60. Akanionyesha karibu na macho. Akasema silinda ya petroli iliyo hai inatakiwa ivuke 120. Hapo nikakubali ovaholi, yaani injini ifunguliwe yote na kuwekwa ringi mpya. Moshi nimeuona, geji nimeisoma, nani angekataa?

Nilipolifuata gari, kifuniko cha valvu kilikuwa kimepakwa rangi mpya kinang'aa. Ila muungurumo wake! Akaniambia, "Sasa linapumua, bosi, tulikuondolea kizuizi kwenye ekzosi." Na ile tik tik ya asubuhi ikabaki vilevile.

Mzee mmoja fundi ndiye aliyenifumbua macho, na hakuhitaji hata nusu siku. Kwenye maungio ya hedi na bloku, uchafu wa miaka haujaguswa. Alipofungua kifuniko cha valvu, boliti za hedi, ambazo lazima zifunguliwe ndipo ringi zifikiwe, hazijawahi kuona spana. Ovaholi haikufanyika! Akatoa plagi zote, akahakikisha betri ina nguvu, akaniambia nikanyage mafuta mpaka chini na nipige stata mpaka sindano iache kupanda. Silinda zote zikasoma kati ya 150 na 165. Ile 60 ilikuwa ya stata ya kudonoa, mguu wangu ukiwa mbali na mafuta. Akavua bomba la hewa linalotoka kwenye filta, ndani limelowa oili. Walimwaga humo nikiwa nasoma namba ya chesisi. Kijiti cha oili hakijawahi kushuka kwenye gari hili, moshi sijawahi kuuona kabla ya siku ile, na sijauona tena.

Ugonjwa wenyewe ulikuwa nini? Stadi moja (boliti) inayoshikilia manifoldi ya ekzosi, lile bomba linalokusanya moshi kutoka kwenye injini, imekatika, gasketi imeungua, masizi meusi yamechora pale pale. Chuma kikipata moto kinatanuka na kuziba ufa, ndiyo maana sauti inapotea. Na pale panapovuja, hewa ya nje huingia, sensa ya oksijeni inadanganyika, kodi inatokea hata kama masega ni mazima. Mzee alipuliza hewa kwenye bomba la nyuma injini ikiwa baridi, akapaka maji ya sabuni, mapovu yakatoka hapo hapo. Gasketi na stadi, basi!

Masega yangu hayapo. Wamechomelea bomba tupu. Ndani ya masega kuna platinamu, paladiamu na rodiamu, madini yanayonunuliwa kwa bei kubwa hata yakiwa chakavu. Ameniuzia kazi hewa, akauza na kifaa changu! Tena ameniacha niendeshe familia na ekzosi inayovuja mbele ya kebini, moshi ule una kaboni monoksaidi, gesi ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Mtu huyo hastahili kuitwa fundi. Afungwe. Anyang'anywe kila spana. Gereji ipigwe kufuli, na yule kijana anayekohoa kwa mazoezi naye ashtakiwe, anajua kila kitu. Arudishe hela yote, sitaki nusu, sitaki "tuyamalize kiutu uzima". Hakuna kuyamaliza.

Ukienda kwa fundi yeyote, usiondoke mbele ya boneti akishika bomba la hewa. Geji apime silinda zote. Kifuniko cha oili kurukaruka kidogo kwenye injini yenye kilomita nyingi si ushahidi wa kitu. Spea ya zamani uidai mkononi. Mengine nitaongeza nikitulia.

Uliyewahi kuacha gari kwake, inama leo utazame chini, kati ya injini na sailensa, kama masega yapo. Kama hayapo, niandikie inboksi kabla sijaenda polisi. Nimebeba picha za boliti, za bomba walilochomelea, na risiti yenye mwandiko wake.