Gari la zamani la injekta: pampu ipi ya petroli inunuliwe kwanza

Gari likianza kukata nguvu mlimani, wengi hukimbilia pampu kubwa. Piga hesabu kwanza. Injini isiyo na tabo (turbo, kifaa cha kuisukumia injini hewa), ikikanyagwa mpaka mwisho, hula takriban gramu 230 za petroli kwa saa kwa kila nguvu farasi moja. Injini ya nguvu farasi 200 basi inataka kama lita 62 kwa saa. Ongeza theluthi ya akiba, unafika 83. Pampu nyingi za kiwandani zikiwa nzima hulimudu hilo. Jua pia presha ya mfumo wako: L-Jetronic, mfumo wa Bosch wa injekta za umeme, hufanya kazi kwenye baa (kipimo cha presha) 2.5 hadi 3; K-Jetronic, ule wa injekta za kimakanika, karibu na 5; na pampu inayotosha ya kwanza inaweza kushindwa kabisa na ya pili.

Kwa hiyo nafasi ya kwanza tunaipa pampu mpya ya aina ileile ya asili, pamoja na nyaya, relei (swichi inayowashwa kwa umeme), mipira na filta mpya. Weka mita ya volti kwenye vichwa vya nyaya vya pampu injini ikiwa inawaka. Ukisoma volti 11.5 huku betri ikiwa na 13.8, pampu inazunguka kivivu kwa sababu ya nyaya zilizochoka, na pampu kubwa inayovuta ampea zaidi itazidi kuzishusha. Vuta waya wa milimita za mraba 4 kutoka betri, wenye fyuzi karibu na betri, upite kwenye relei mpya; waya wa athi (wa kwenda bodi) nao uwe mnene vilevile. Waya wa zamani wa pampu utumie kuiwasha relei tu. Usiiwashe kutoka swichi ya funguo moja kwa moja! Mifumo mingi huzima pampu injini inapozimika, na ukiuruka ulinzi huo, gari likigongwa pampu itaendelea kumwaga petroli.

Mipira iwe na chapa ya SAE J30R9, kiwango cha mipira ya petroli ya injekta. R7 ni ya presha ndogo ya kabureta. Ndani ya tangi ni R10 pekee, maana mingine hulainika ikilowa nje. Klipu za matundu hukata mpira, chukua zile zenye ukingo laini.

Ya pili ni pampu ya nje kama Bosch 044, takriban lita 200 kwa saa kwenye baa 5. Inafaa K-Jetronic iliyoongezwa nguvu au injini ya tabo. Inasukuma vizuri lakini kuvuta ni udhaifu wake: ifunge chini ya usawa wa tangi, kwa mpira mfupi na mpana. Kabla yake weka filta ya mikroni 100, baada yake ya 10. Ukizigeuza, pampu inakosa mafuta, inapiga kelele na kuungua.

Ya tatu ni pampu za ndani ya tangi za lita 255 kwa saa. Ziko kimya na hupozwa na petroli yenyewe, ila takwimu hiyo mara nyingi hupimwa karibu na baa 3. Kwenye 5 hushuka sana. Zinaifaa L-Jetronic, ukiwa tayari kutengeneza kishikio ndani ya tangi.

Za lita 400 na kuendelea tunaziweka mwisho kwa gari la barabarani. Mafuta ya ziada hurudi kwenye tangi kupitia paipu nyembamba ya zamani, na regyuleta (kidhibiti cha presha) haiwezi kuyamudu: presha hupanda gari likiwa sailensa (linanguruma bila kukanyagwa), plagi zinakuwa nyeusi, tangi linapata joto.

Ukishafunga, chomoa paipu ya kurudi, ielekeze kwenye chombo kilichopimwa, uwashe pampu kupitia relei kwa sekunde 30, injini ikiwa imezimwa na kizimamoto kikiwa karibu. Lita 1 hapo ni 120 kwa saa. Ukipata pungufu ya hesabu yako, rudi kwenye mita kabla ya kuilaumu pampu.