Lazarus: nimerudi kwenye programu baada ya miaka 16 ya dagaa

Visual Basic 6 (VB6), lugha ya kuandikia programu za kompyuta, niliisomea Dar es Salaam mwaka 2005. Mwaka 2008 nikarudi nyumbani Kigoma, nikashika biashara ya dagaa pale Kibirizi, na tangu hapo sikuandika hata mstari mmoja wa programu. Ziwa Tanganyika lilipofungwa kwa uvuvi, kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti 2024, stoo ilibaki tupu na muda ukapatikana. Nikapakua Lazarus.

Ni ya bure, lugha yake ni Pascal, na kazi yake ni kutengeneza programu za madirisha kwenye kompyuta. Ilianza mwaka 1999 ikifuata nyayo za Delphi, kifaa kingine cha kutengenezea programu kwa Pascal, kwa hiyo aliyezoea Visual Basic hapotei humo. Fomu tupu iko mbele yako, vifaa viko juu, pembeni kuna orodha ya sifa za kila kitu. Unaweka kitufe kwenye fomu, unakibofya mara mbili, unaandika kifanye nini. Kitufe changu cha kwanza, "Pokea Mzigo", kilipoitika, nilimwita mke wangu aje aone. Halafu ukishaipakua haidai bando tena. Kwa huku kwetu hilo nalihesabu sana.

Wiki ya kwanza ilikuwa ya kugombana na alama za Pascal: := ya kuweka thamani, na nukta mkato mwishoni mwa amri. Imepita.

Kilichonifunza zaidi ni mpangilio wa fomu. Kwangu ilikaa vizuri, ila kijana wa stoo alipoifungua kwenye skrini kubwa, jedwali lilijikunyata kona ya juu kushoto, kwingine kote kweupe. "Kaka, mbona imekuwa hivi?" Dawa yake ni sifa ya Anchors: unachagua kitu kishikizwe pande zipi za dirisha. Jedwali nikalishikiza pande zote nne, likawa linatanuka pamoja na dirisha. Kitufe cha Hifadhi nikakishikiza chini na kulia tu, kikawa kinafuata kona yake. Enzi za VB6 kazi hiyo tuliifanya kwa hesabu ndefu ndani ya Form_Resize, sehemu inayoendeshwa dirisha likibadilika ukubwa, na bado vitu vilipandana.

Siku niliyoumia ni ya kanzidata, yaani pale programu inapotunza rekodi. Natumia SQLite, kanzidata inayokaa ndani ya faili moja. Niliingiza magunia 23, jina la mwenye mzigo na uzito wake, moja moja, nikafunga. Asubuhi nafungua, jedwali jeupe! Nilikuwa nimeandika amri ya ApplyUpdates nikadhani yameisha. Kumbe hiyo inapeleka mabadiliko kwenye kanzidata tu. Muamala, yaani kundi la mabadiliko yanayosubiri kuthibitishwa, usipokamilishwa kwa amri ya Commit, programu ikifungwa yote yanafutika. Ni mistari miwili inayofuatana, na mimi niliandika mmoja. Ukianza na Lazarus, hili lijaribu siku ya kwanza kabisa: ingiza rekodi moja, funga, fungua, tazama kama ipo.

Kingine, kwenye Windows, faili la sqlite3.dll, ambalo programu inalitumia kuifikia SQLite, liweke folda moja na programu yako, na kama programu ni ya biti 64, nalo liwe la biti 64. Ukiona faili la programu lina ukubwa kupita kiasi, zima taarifa za kutafutia makosa kwenye mipangilio ya mradi, kisha ujenge upya. Litapungua sana.

Naipa nyota 4 kati ya 5. Moja naishikilia kwa sababu maelezo ya Kiswahili sikuyapata, na ya Kiingereza mengine yanamchukulia msomaji kama mtu ambaye hakuwahi kuacha. Anayetaka programu za simu atafute kifaa kingine. Aliyewahi kupanga fomu zamani na ana kazi yake ya kweli ya kuhesabu, aichukue.

Sasa ziwa limefunguliwa, muda wangu ni siku za mbalamwezi, mitumbwi inapopumzika. Mbalamwezi hii natengeneza fomu ya madeni. Kijana wa stoo anaingiza mzigo mwenyewe, na daftari la zamani bado tunaliandika sambamba mpaka hesabu za miezi miwili zilingane.