Miezi minne na mashine ya kuchomelea isiyotumia gesi, kwenye Land Rover ya mzee

Land Rover yetu ni Series III, ile ndefu iitwayo 109, ya mwaka 1976. Mzee aliinunua kutoka shamba la mkonge, nasi tumekulia humo. Hapa Tanga watu wakiiona huniambia, "Hiyo haili kutu, bodi yake alumini." Ni kweli, tangu ile ya kwanza ilipooneshwa Amsterdam mwaka 1948 bodi zilikuwa za alumini, maana baada ya vita chuma kilikuwa cha mgawo Uingereza. Lakini chasisi ni chuma, na ule ukuta wa kati ya injini na kabini nao ni chuma. Nilipoinua mpira wa miguuni kwa dereva, nikaiona sakafu ya banda letu.

Rodi, yaani vile vijiti vya kuchomelea, nilishajaribu. Kwenye bati la milimita 1.2 kila nikigusa natoboa. Ndipo nikanunua mashine ndogo ya waya wenye dawa ndani yake inayokinga mshono badala ya gesi, ile isiyohitaji mtungi, inayochomekwa kwenye umeme wa nyumbani. Nilitoa chini ya laki sita.

Wiki ya kwanza nilitamani kuirudisha. Cheche zilitapakaa kila mahali, mshono ukavimba juu ya bati kama nta ya mshumaa, na nikiugonga kwa nyundo unabanduka mzima. Jirani yangu, fundi wa siku nyingi, alisimama mlangoni akasikiliza.

"Mwanangu, hiyo sauti siyo. Fungua nione nyaya."

Muuzaji alikuwa ameziunga nyaya kama za mashine ya gesi, mkono wa kuchomelea uko chanya. Waya wenye dawa unataka kinyume chake: mkono hasi, na kibanio cha bodi, kile kinachoshika chuma unachochomelea, chanya. Tukahamisha nyaya mbili tu. Sauti ikatulia palepale, ikawa kama dagaa kwenye mafuta ya moto, na mshono ukalala ndani ya bati. Ukinunua mashine kama hii, hilo likague kabla hujawasha.

Kuanzia hapo nimeipenda. Nilikata bati bovu kwa grenda hadi nikafika kwenye chuma kinachong'aa, nikakunja kiraka, kisha nikachomelea nukta nukta: moja huku, nyingine upande wa pili, nasubiri bati lipoe ndipo naendelea. Ukiunganisha mstari mzima kwa mkupuo, joto linalikunja bati na kiraka hakikai tena. Kabla ya yote nilitoa betri na kushusha tangi la petroli, ambalo kwenye yetu liko chini ya kiti. Hilo usilifanyie uvivu hata kama kazi ni ya dakika moja.

Kasoro zipo. Kibanio cha bodi kilichokuja nayo ni chepesi mno, kilipata moto hadi plastiki ikalainika. Nimeweka cha shaba. Umeme wa mtaani ukishuka jioni, mashine inakosa nguvu, kwa hiyo nachomelea asubuhi. Na waya wenyewe unaogopa unyevu. Niliuacha ndani ya mashine wiki mbili za mvua, mshono ukatoka na vitundu kama mkate wa mofa. Sasa kila nikimaliza nautoa, nauweka kwenye ndoo yenye mfuniko pamoja na mchele uliokaangwa ukakauka.

Alumini mashine hii haichomelei kabisa, msidanganywe dukani. Chasisi nayo sikuigusa. Ile inabeba roho za watu, nikamwachia jirani na rodi zake.

Sakafu zote mbili za miguuni nimemaliza kuziziba, nimepaka rangi ya kuzuia kutu mara mbili, na mvua ya juzi haikupenya. Mzee aliingia, akakanyaga pale palipokuwa na tundu, akakanyaga tena kwa nguvu. Sasa naanza milango: fremu yake ni chuma kilichovikwa alumini, na hizo metali mbili zikikutana na chumvi ya bahari zinakulana. Roli la pili la waya nimeshalinunua.