Oveni ndogo yenye moto wa chini peke yake: naoka vipande vya chenga za cheri hapa Tanga

Asalaam aleikum, hamjambo jamani, karibuni tena jikoni kwangu Tanga. Leo nina haraka ya kuwaonyesha kitu, kwa hiyo habari za oveni hii ina lita ngapi, ina rangi ngapi, mlango wake wa kioo gani, hayo someni kwenye boksi, maandishi mnayaona hapo. Oveni ndogo za umeme mnazijua. Mimi nimeifuata hii kwa ajili ya swichi moja tu. Mwanangu, sogeza kamera huku. Sogeza tena. Haya, hapo hapo.

Mnaiona hii ya katikati? Ukiizungusha hapa, moto unawaka chini peke yake. Hapa, juu peke yake. Hapa, juu na chini pamoja. Basi. Swichi yenyewe ni ya plastiki, haina urembo wowote, lakini mimi nimeipenda hadi basi.

Sitaki mniamini kwa maneno, tuitazame. Nimechukua boflo, nimekata slesi, nimezipanga juu ya waya zikaenea pande zote, kona hadi kona. Naweka chini peke yake, digrii 200, tusubiri kidogo. Wakati tunasubiri niwape habari ya chaneli: kuanzia wiki ijayo video zitatoka Alhamisi saa mbili usiku, si Jumapili tena, kwa sababu wengi mmeniambia Jumapili mko kwenye shughuli. Na hii maikrofoni ya kubana kwenye nguo ni mpya, niambieni kama sauti sasa inasikika vizuri, maana video iliyopita feni ilinimeza.

Haya, natoa. Tazameni juu: nyeupe, boflo mbichi kabisa. Sasa nageuza. Maashallah! Mnaona hiyo rangi? Kahawia, na mistari ya waya imejichora. Hii ya kona ya nyuma kushoto imekolea zaidi, karibu iungue. Hii ya karibu na mlango imepauka. Kwa hiyo sasa najua oveni yangu kali wapi na baridi wapi, na nikioka chochote, katikati ya safari nitageuza trei, ya nyuma ije mbele. Kila mwenye oveni afanye jaribio hili la boflo kabla hajamwaga mayai na siagi yake. Ni slesi chache tu, na hata hizo utazila na chai.

Tuseme sasa juu peke yake, slesi mpya... Ndiyo hiyo. Juu imekauka, chini laini. Swichi inasema kweli.

Mtaniuliza, sasa umefurahi nini hivyo? Nimefurahi kwa sababu leo naoka vipande vya chenga za cheri, na kitu hiki kinafia kwenye kitako. Mnaelewa mpangilio wake: chini kuna unga wa siagi uliokandamizwa, katikati matunda, juu chenga za unga ule ule na oti. Matunda yana maji. Ukiweka yote kwa pamoja kwenye oveni yenye moto wa juu mkali, chenga zinakuwa za dhahabu, unafurahi, unatoa, unakata, na chini unakuta kinata kibichi kinachoshika kwenye kisu. Kitako lazima kiive kwanza, peke yake, kwa moto wa chini, ndipo kibebe juisi ya cheri bila kulowa.

Na hili si jambo geni huku kwetu. Mama zetu na bibi zetu wakioka mkate wa kumimina walikuwa na moto juu, moto chini. Makaa machache chini ya sufuria, mengi juu ya mfuniko, na mkono unaongeza huku unapunguza kule mpaka harufu itoke. Huo ndio utawala wa moto. Halafu zikaja oveni za bei rahisi zenye swichi moja, ukiwasha zote zinawaka, ukizima zote zinazima, na sisi tukaambiwa tumeendelea. Mimi hilo limeniudhi miaka. Nikiiona swichi hii inanirudishia mkono wa bibi, nafurahi kwa haki.

Tuje kwenye cheri. Hizi ni mbichi, za Afrika Kusini. Sasa hivi ni Desemba, huko kwao ni kiangazi, na kule Ficksburg, jimbo la Free State, wana tamasha la cheri kila Novemba. Nyinyi mnaonitazama kutoka Ujerumani, Uingereza na Uturuki, cheri zenu za kiangazi ni za Juni na Julai, wekeni video hii mkiba. Na nyie mnaouliza kama mcheri utaota Tanga mjini: mti ule unataka miezi ya baridi kali ulale ndipo uchanue. Hapa na joto hili la kaskazi utapata majani, kama utapata hayo. Mimi nimeagiza Dar, boksi la nusu kilo ni elfu 28, nimelipa mara mbili ya hapo maana nimechukua mawili, zimekuja na basi ndani ya boksi la barafu. Ghali, nakubali. Ndiyo maana nitazungumzia plamu za Lushoto baadaye, msiondoke.

Kutoa kokwa. Chukua chupa tupu ya soda, ya kioo. Cheri moja ikae juu ya mdomo wa chupa, pale kikonyo kilipokuwa paangalie juu. Chukua mrija wa chuma, sukuma. Tok! Kokwa imeanguka ndani ya chupa, tunda limebaki zima na tundu katikati. Nyingine. Tok! Mnaona juisi inavyoruka? Vaa khanga kuukuu, maana doa la cheri haliombi radhi. Na kokwa zenyewe usizivunje wala usizitie kwenye brenda kwa kutaka ladha, kiini chake kina kitu ambacho mwilini kinageuka sayanaidi. Ukitaka ile harufu inayokwenda na cheri, tia matone mawili ya arki ya lozi. Mimi nimekatakata na lozi za kungu, watoto wamenigongea chini ya mkungu hapo nje, nitazichanganya kwenye chenga.

Vipimo: unga wa ngano gramu 250, oti gramu 100, sukari gramu 120, nusu kijiko cha chai cha chumvi, siagi gramu 180. Siagi hiyo nimeigandisha kwenye friza, sasa naikwaruza kwenye kikwaruzo cha karoti moja kwa moja juu ya unga. Kwa joto la Tanga mwezi huu ukitumia vidole kusugua siagi laini, inayeyuka mikononi, unapata donge badala ya chenga. Kwaruza, changanya kwa uma, vidole viguse mwisho kabisa. Tazameni, chenga kubwa, ndogo, zote ziko kavu. Safi.

Zaidi ya nusu nakandamiza kwenye trei ya sentimita 20 kwa 20, kwa kitako cha kikombe, pembeni pia. Karatasi ya kuokea iache masikio pande mbili, ndiyo utakayonyanyulia. Zilizobaki, na kungu, zinarudi friji.

Sasa hapa nataka kusema kitu kuhusu trei inayokuja na oveni hii. Hii hapa. Sikilizeni... mnasikia inavyolia nikiibonyeza? Nyembamba mno. Ikifika digrii 200 inajikunja kwa kishindo, *paa!*, unadhani kuna kitu kimelipuka jikoni. Mtu ametengeneza swichi nzuri namna ile halafu anakupa trei ya aina hii, kwa nini? Tumieni trei yenu nzito. Na kipimajoto, nimekitundika ndani: namba ya oveni inasema 180, kipimajoto kinasema 160. Kwa hiyo mimi nikitaka 180 naweka 200. Bila kipimajoto ungeishia kulaumu unga.

Haya, kitako ndani, moto wa chini peke yake, dakika 15. Saa yake ni ya kuzungusha, na ina tabia moja: ukitaka dakika chache, lazima uvute mpaka ipite 20 halafu urudishe, la sivyo inajizima kabla. Imeandikwa kwenye karatasi yao kwa herufi ndogo sana.

Cheri gramu 500, bila kokwa. Sukari vijiko vinne vya chakula, konflawa vijiko viwili, maji ya ndimu moja. Nachanganya tu, sipiki.

Najua kuna wataouliza kuhusu eafraya, kila video mnaniuliza. Eafraya ninayo, kuku naichoma humo, viazi pia. Lakini ndani yake kuna feni inayopuliza kwa nguvu, na chenga ni kitu chepesi: oti zinaruka, zinakwama juu kwenye koili, zinaungua, jikoni kunanuka. Na jiko la gesi lenye oveni, mengi ya bei ya chini yana moto wa chini tu, kitako kitaiva vizuri sana, ila juu patabaki pameupe. Fundi wa oveni za mabati za mkaa anayekuwekea sehemu ya makaa juu na chini, huyo namheshimu, na kama umeme kwenu unakatika kila jioni, mwendee huyo.

Umeme nao. Hii ni wati 1,500. Kwa saa nzima mfululizo ni uniti moja na nusu, na kwa anayenunua LUKU kwa shilingi 356 uniti, ni kama shilingi 534. Lakini haiwaki mfululizo, ikifika joto inakata, ikipoa inarudi, na moto wa chini peke yake unatumia kama nusu. Mkaa wa kuoka trei hii kwa bei ya sasa ni zaidi.

Kitako kimetoka. Rangi ya dhahabu pembeni, nagusa katikati, kigumu. Namwaga cheri, natawanya chenga bila kukandamiza. Sasa swichi juu na chini, dakika 35, na katikati ya safari nageuza trei, mnakumbuka ile kona kali. Msitoe kwa kuangalia rangi peke yake. Angalieni katikati: juisi lazima ichemke pale katikati, mapovu mazito, polepole. Konflawa isipochemka haikazi, na utapata mchuzi.

Nimetoa. Subira sasa, ipoe kabisa, halafu friji kwa muda wa saa mbili. Ukikata ingali ya moto, usinipigie simu.

Nimerudi. Nashika masikio ya karatasi, nanyanyua... yote imetoka. Kisu nimekichovya maji ya moto nikakifuta. Nakata. Sikilizeni chini pale kisu kinapofika. *Krak.* Hiyo ndiyo sauti ninayoitaka! Kipande hiki nakishika kwa ncha moja, kiko hewani, hakipindi. Tazameni ubavu wake: kitako kikavu, cheri nyekundu nzito imesimama haimwagiki, chenga juu. Geuza, chini: kahawia sawasawa. Onja mwanangu. Anasema ndimu ingeongezwa kidogo. Sawa, kwa hizi zilizoiva sana ndimu moja na nusu. Mimi naila na mtindi wa baridi pembeni, ule ugwadu unatuliza sukari.

Bei ya oveni. Muuzaji alianza na laki moja na elfu 90, nikaichukua kwa laki moja na 65. Mwanzoni nilipoiona trei ile nilisema moyoni bei hii hapana. Baada ya kitako hiki nasema laki na 65 naitoa tena, ila ombeni muuzaji awape trei nzito juu yake, au apunguze elfu 15 mkanunue yenu. Zaidi ya laki na 70 msikubali.

Na plamu: mwezi huu zinateremka kutoka Lushoto, Mombo wanazipandisha kwenye madirisha ya mabasi kwa ndoo, na hapa mjini sokoni Mgandini mtazikuta. Nusu kilo ni sehemu ndogo sana ya bei ya cheri. Usimenye, kata robo robo, toa kokwa, sukari ongeza kijiko kimoja maana ganda lake lina ukali, konflawa ongeza nusu kijiko kwa kuwa zina maji zaidi. Alhamisi naoka hizo.

Mliobonyeza kengele mtapata taarifa, ambao bado, bonyezeni sasa. Wa Pangani na Muheza mnaouliza kama natuma oveni, siuzi oveni jamani, naoka tu. Na mwenye oveni ya swichi moja asikate tamaa: weka trei nzito ya chuma kwenye waya wa chini kabisa, ipashe moto dakika 20 oveni ikiwa tupu, halafu kalisha trei yako ya kitako juu yake, na karatasi ya foili ifunike juu kwa dakika 10 za kwanza. Andikeni chini imetokaje, nitasoma zote.