Uzoefu wangu: kuweka trapu ya bafu kwenye jamvi lililokwisha mwagwa

Nawaandikia hasa wenye nyumba ambazo sakafu ya chini ni zege tupu na bomba la maji machafu halikuwekwa tangu msingi. Magoti ya mama yangu hayamruhusu tena kupanda ngazi, kwa hiyo stoo iliyopakana na chumba chake tumeigeuza bafu, bila kizingiti cha kuruka. Ilibidi jamvi, yaani zege la sakafu, likatwe.

Trapu (kifaa cha sakafuni kinachopokea maji ya kuoga na kuzuia harufu) niliyochagua ni ya plastiki ya PVC, ile iliyopinda kama kiwiko, mdomo inchi 4 na njia ya kutokea inchi 2. Dukani Kariakoo nilioneshwa kwanza zile za chuma zinazong'aa, zenye kikombe kidogo ndani kinachofunikwa kama kengele. Fundi wangu alizikataa palepale: "Dada, hicho ni urembo. Maji yanayobaki humo hayazidi vidole viwili, yakikauka mende na harufu vinapanda." Namuunga mkono kabisa. Trapu ya kiwiko inabakiza maji ya kina cha sentimita 5 hivi, na hayo ndiyo yanayozuia hewa ya shimoni isiingie chumbani anakolala mtu. Kikombe nacho kina shida nyingine: kinazibwa na nywele, mtu anakitoa asafishe, hakirudishi.

Kazi ya kukata niliiogopa kuliko yote, lakini ilikwenda vizuri. Walichora mstari kwa chaki, wakapitisha grenda pande zote mbili huku mwingine akimwagia maji vumbi lisitimke, ndipo wakapasua katikati kwa tindo na nyundo nzito. Kingo zilibaki safi. Chini ya zege walikuta nailoni ya kuzuia unyevu, na hapa ndipo nilipomheshimu fundi: hakuichana ovyo. Aliikata katikati, akaikunjua pembeni kama mlango, na mwishoni akaibandikia kipande kingine kilichopitiliza kila upande. Fundi asiyejali hapo atakuachia sakafu inayovuta maji kutoka ardhini miaka yote.

Kutoka bafuni hadi chemba ya nje ni mita 3. Bomba la inchi 2 aliliwekea mteremko wa sentimita 2 na nusu kwa kila mita, maana yake upande wa chemba upo chini kwa sentimita 7 na nusu. Alipima kwa pima maji kila kipande kabla ya kupaka gundi. Penye msingi hakulibana bomba kwa saruji. Alipitisha kwanza kipande cha bomba kubwa zaidi, la inchi 2 likapita ndani yake, ili nyumba ikitulia kidogo lisivunjike. Kisha mchanga laini chini na juu, bila kokoto kugusa plastiki.

Kabla hajafukia nilimwomba tujaribu maji, naye alikuwa ameshajiandaa. Aliziba mwisho wa bomba upande wa chemba, akajaza hadi mdomo wa trapu, akaweka alama ya penseli. Asubuhi maji yalikuwa palepale kwenye alama. Usikubali zege limwagwe kabla ya jambo hili, hata kama fundi ana haraka ya kwenda kazi nyingine. Gundi iliyokosea inaonekana sasa au inaonekana ukiwa umeshaweka marumaru.

Kingo za zege la zamani walizikwangua, wakazilowesha na kuzipaka uji wa saruji ndipo wakamwaga jipya. Tulilimwagilia maji kwa wiki nzima. Juu yake likaja lipu lenye dawa ya kuzuia maji, likipanda ukutani pia, na mteremko wa kama sentimita 2 kwa mita kuelekea kwenye trapu. Marumaru kubwa hazikubali mteremko wa pande nne, kwa hiyo tulitumia ndogo zenye uso wa kukwaruza, ambazo pia hazimtelezeshi mama.

Lawama yangu ni moja, ya chujio, kile kifuniko chenye matundu juu ya trapu. La kwanza niliuziwa kama stenlesi, likatoa madoa ya kutu mapema sana. Muuzaji alinibadilishia bila ugomvi, nikachukua lililogongwa namba 304, ambayo ni aina ya stenlesi, na hilo bado ni jeupe. Ulizeni namba hiyo. Fundi alilikalisha chini kidogo ya usawa wa marumaru, unene wa shilingi tu, na maji hayatuami pembeni.

Kwa trapu yenyewe nampa fundi na kifaa alama zote. Mama anaoga akiwa ameketi kwenye kiti chake, maji yanaondoka yenyewe, na chumba hakina harufu. Tukisafiri namwachia dada wa kazi neno moja: amwage ndoo ya maji humo kila wiki, trapu isikauke.